Buli la Yixing likikusumbua: dalili, chanzo na tiba

Mabuli ya zisha, yaani udongo unaoitwa wa zambarau, asili yake ni Yixing, katika mkoa wa Jiangsu mashariki mwa China, hasa mji mdogo wa Dingshu, ambako wafinyanzi wameyaunda tangu enzi za Ming. Kwetu yanafika kwa njia nyingi: mfanyabiashara amerudi nalo kutoka Guangzhou, mwanafunzi kapewa zawadi na mwenyeji wake, mwingine kaagiza mtandaoni. Mara nyingi linafika bila maelezo yoyote. Wiki chache baadaye malalamiko yanaanza: linanuka, linachuruzika, chai imepooza, limelia ta na kupasuka.

Shida nyingi kati ya hizo zina dawa. Chache hazina, na ni vizuri kuzijua mapema. Kazi ya kwanza ni kutambua kosa liko wapi: kwenye udongo, kwenye umbo, kwenye maji au mkononi mwa anayepika. Chombo kinachosaidia kuliko vyote katika utambuzi huo ni gaiwani, yaani bakuli dogo la kauri lenye kifuniko na kisahani, ambalo Wachina hulitumia kupikia na kuonjea chai. Kauri hainyonyi kitu wala haifichi kitu. Ukipata mashaka, pika chai ileile kwenye gaiwani, majani kwa uzito uleule, maji yaleyale, muda uleule. Kasoro ikijirudia humo, liache buli, tazama chai na maji.

Jambo jingine la kushika kabla hatujaanza: zisha haipakwi ngozi ya kioo, si ndani wala nje. Huchomwa tanuuni kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi za Selsiasi, ikatoka ngumu lakini ikiwa na vinyweleo vidogo mno. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoshika harufu ya chai, na ndivyo vinavyoshika pia harufu ya kila kitu kingine. Hata hivyo usilifananishe buli hili na mtungi wa maji. Mtungi hutoka jasho na ndiyo maana maji yake hupoa. Buli la zisha lililochomwa sawasawa halitoki jasho hata kidogo. Likiwa na majimaji nje na huoni ufa popote, halikuiva tanuuni, na hapo nyumbani huna la kulifanya.

Linanuka

Anza kwa kujua linanuka nini. Lijaze maji yanayochemka, funika, ngoja dakika mbili, kisha inua kifuniko na unuse upande wake wa chini. Mvuke utakuwa umekusanya hapo kila kilichojificha kwenye udongo.

Harufu ya vumbi au udongo mkavu kwa buli jipya isikutie wasiwasi. Kwa kawaida kifuniko huchomwa kikiwa juu ya buli lake ili vikae sawa, na kwenye ukingo hupakwa unga mweupe ili visigandane. Unga huo pamoja na vumbi la tanuu hubaki shingoni na kwenye mzizi wa mdomo. Sugua kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu, bila sabuni, maana manukato ya sabuni yakishaingia utayanywa kwa muda mrefu. Halafu lichemshe. Tandika kitambaa safi ndani ya sufuria, weka buli na kifuniko chake vikiwa mbalimbali, mimina maji baridi hadi yavifunike, washa moto mdogo, yachemke polepole kwa nusu saa, kisha zima na uviache vipoe humohumo. Buli na maji vianze vikiwa baridi pamoja; kulitumbukiza buli baridi kwenye maji yanayotokota ni kuita ufa. Ukipenda, rudia mara ya pili na kiganja cha majani ya chai utakayolipikia. Yatosha. Wapo wanaofuata desturi ya kulichemsha na tofu halafu na muwa. Mimi sioni sababu ya kuingiza protini na sukari kwenye vinyweleo vya chombo unachotaka kiwe safi.

Harufu ya nta au ya rangi ya viatu ni habari nyingine. Baadhi ya wauzaji hulipaka buli kitu ili ling'ae dukani au lionekane kongwe. Nta nyepesi itatoka kwa kuchemshwa. Lakini ikiwa baada ya kuchemsha mara mbili maji moto bado yanaamsha harufu ya kemikali, usilinywee chai. Liweke kabatini kama pambo.

Kisha kuna uvundo, na huu ndio unaowapata watu wengi zaidi, hasa huku pwani. Kuanzia Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, hewa ya masika ina unyevu mwingi, na buli lililofunikwa likiwa na majimaji linaota kuvu kwa siku chache tu. Chanzo karibu siku zote ni kimoja: majani yaliyolazwa. Wengine huyalaza kwa makusudi, wakiwa wamesikia kwamba chai iliyolala hulikuza buli na kulipa mng'ao. Kinachokua humo ni kuvu.

Tiba yake haihitaji dawa ya dukani. Mwaga kila kitu, sugua kwa mswaki, ukikumbuka vitundu vya kuchujia na upande wa ndani wa kifuniko. Lipashe kwa maji ya uvuguvugu, lijaze maji yanayochemka, mwaga, jaza tena, mara tatu. Kisha lichemshe sufuriani kwa utaratibu ule wa maji baridi. Baada ya hapo lisirudi kabatini. Likae wazi penye upepo kwa siku kadhaa, kifuniko kando, hadi likinuswa kavu lisitoe harufu. Likiwa bado lina uvundo, rudia. Udongo huu unavumilia.

Ili usirudi hapo tena, toa majani mara tu unapomaliza kunywa, suuza kwa maji moto, mwaga yote, na uliache wazi. Joto la maji hayo ndilo litakalolikausha. Sabuni ya unga, iliki na karafuu zikae mbali na rafu yake. Na chai ya maziwa isipikwe humo kabisa: mafuta na protini za maziwa hubaki kwenye vinyweleo na kuoza, na hakuna mswaki unaofika huko. Chai yetu ya tangawizi na maziwa ina sufuria yake.

Chai imepooza, au imekuwa chungu

Hapa ndipo gaiwani inapofanya kazi yake kamili. Pika mbilimbili, buli na gaiwani, na uonje kwa mfuatano. Zikiwa zote zimepooza, ongeza majani au ongeza joto. Mtindo wa gongfu, yaani upikaji wa Kichina wa kurudia kutia maji kwenye majani yaleyale, unataka majani mengi katika maji machache, takriban gramu 5 hadi 8 kwa kila mililita 100, na muda mfupi, sekunde 10 hadi 20 kwa maji ya mwanzo. Anayetia kijiko kimoja cha chai kwenye buli la mililita 200 na kungoja dakika tatu anapika chai ya namna nyingine, na buli halina hatia.

Kama gaiwani inanukia na buli limepooza, sababu ziko tatu, na nizitaje kwa mpangilio wa zinavyotokea. Ya kwanza, buli ni jipya na bado linajinywea harufu. Endelea kulitumia, litatulia. Ya pili, umelichanganyia. Chai nyeusi ya moshi leo, ya yasmini kesho, pu'er, ile chai ya Yunnan, keshokutwa, na kila moja imeacha kivuli chake. Lichemshe, kisha lipe ukoo mmoja wa chai. Sikubaliani na wanaodai kila jina la chai lazima liwe na buli lake. Ukoo mmoja unatosha, mathalani oolong zote zilizookwa, yaani chai zilizochachuka nusu. Ya tatu ni ndoa isiyofaa kati ya udongo na chai, na hapa pana mengi ya kusema.

Udongo wa zambarau wenye kuta nene hutunza joto kwa muda mrefu na kupunguza makali. Kwa pu'er iliyochachushwa au chai za miamba za Wuyi zilizookwa sana, hilo ni jambo jema: ukali unapungua, uzito unabaki. Lakini chai ambayo utamu wake wote uko puani, kama oolong za tieguanyin ya kijani kutoka Anxi au dancong ya Chaozhou, ukiitia humo unaizima. Hizo zinataka udongo mwekundu uitwao zhuni, wenye kuta nyembamba na chembe laini, uliochomwa ukakaza. Watu wa Chaozhou wenyewe hutumia mabuli madogo ya udongo mwekundu wa kwao, yanayofinyangwa kwa gurudumu, tofauti na ya Yixing. Chai ya kijani, ile inayotaka maji ya nyuzi 75 hadi 85, usiipikie zisha hata kidogo. Buli linabaki na joto baada ya kumwaga maji, na majani yanaendelea kuiva bila wewe kutaka. Glasi au kauri inatosha.

Uchungu nao una chanzo ambacho wengi hawakitafuti: mwendo wa kumimina. Chukua saa. Buli la mililita 150 likijaa maji matupu, linafaa kuisha kwa sekunde 10 hadi 15. Likichukua 25 au zaidi, kikombe cha mwisho kimekaa na majani muda mrefu kuliko ulivyokusudia, na ndicho chenye uchungu. Usigawe moja kwa moja vikombeni. Mimina yote kwenye jagi la kugawia ndipo ugawe, na upunguze muda wa kuloweka kwa sekunde ambazo buli linachelewesha.

Maji hayatoki vizuri

Yakitoka kidogo halafu yakakata, tazama kitundu kilicho kwenye kishikio cha kifuniko. Hicho ndicho mlango wa hewa. Kikizibwa na utando wa chai au kidole chako, maji hayana namna ya kutoka. Kizibue kwa kijiti cha kuchokolea meno, si kwa sindano. Kama kiko wazi, basi yamezibwa na majani. Mabuli ya mtindo wa kale yana tundu moja tu pale mdomo unapoungana na mwili, na jani moja pana laweza kuliziba. Mengine yana vitundu vingi, au kichujio kilichovimba kama nusu ya mpira, kisichozibika kirahisi. Kwa lile la tundu moja, panga majani kabla ya kutia maji: makubwa upande wa mdomo, yaliyovunjika upande wa mkono.

Chai ya punje inayouzwa kwenye maduka yetu ya Afrika Mashariki, ile inayosagwa kwa mashine, haifai kwa buli la aina yoyote kati ya hizo. Punje zinavimba na kujaza kila tundu. Tatizo hilo halina ufundi wa kulitatua.

Tone linalotambaa chini ya mdomo baada ya kumimina ni suala la umbo la ncha yenyewe. Mimina kwa uthabiti na usimamishe kwa ghafla, usipunguze polepole. Ikishindikana, futa kwa kitambaa na uendelee. Usijaribu kuutia tupa.

Kifuniko kinavuja, kinacheza au kimeng'ang'ana

Kikivuja unapomimina, kwanza punguza maji; buli lililojaa hadi ukingoni litavuja hata kama limetengenezwa na bingwa. Kipimo kinachopendwa na wauzaji, cha kuziba kitundu cha hewa kwa kidole ili maji yakate, kinaonyesha kwamba kifuniko kimekaa vizuri. Hakionyeshi ubora wa udongo, na usilipie bei ya udongo kwa sababu ya mchezo huo. Kifuniko kinachocheza kidogo kwenye buli lililoundwa kwa mkono ni cha kawaida. Kikipotea au kuvunjika, usitarajie cha buli jingine kitaingia.

Kilichong'ang'ana kwa kawaida kimeshikwa na chai iliyokaukia ukingoni. Usikivute wala usikigonge. Loweka buli zima katika maji ya uvuguvugu na uongeze joto la maji kidogokidogo, kitaachia chenyewe.

Limepasuka, au unahisi limepasuka

Mstari wima ndani ya buli, mara nyingi upande wa mkono, huwatisha wageni. Buli la Yixing kwa jadi halizungushwi kwenye gurudumu. Mfinyanzi hupigapiga udongo hadi uwe bapa, huukunja uwe mviringo, huunganisha ncha, kisha huupigapiga kwa kibao ukiwa unazunguka hadi upate umbo. Huo mstari ni pale ncha zilipokutana. Makunyanzi yaliyo kama mikunjo ya ngozi kwenye zhuni nayo si ufa, kwa sababu udongo huo hunywea sana tanuuni. Vidoa vyeusi vya chuma ni vya asili vilevile.

Ufa wa kweli una sauti. Liweke buli tupu na kavu kwenye kiganja kilichonyooka, toa kifuniko, na uligonge polepole kwa ukucha. Zima litalia kwa mlio unaoendelea kidogo. Lenye ufa litatoa sauti butu iliyokatika. Kisha lijaze maji, likaushe nje, liweke juu ya karatasi na ulitazame baada ya saa kadhaa.

Chanzo ni mshtuko wa joto. Zhuni jembamba ndilo linaloumia zaidi, na asubuhi ya baridi katika nyanda za juu, Njombe au Limuru, ina hatari kuliko mchana wa Dar. Mimina maji ya uvuguvugu nje na ndani kwanza, subiri, ndipo yanayochemka. Na buli hili haliwekwi jikoni, si juu ya mkaa wala gesi. Maji yachemshwe kwenye birika.

Buli lenye ufa usiligundishe kwa gundi ya kawaida ukanywea. China kuna mafundi wa zamani wa kushona vyombo kwa pini ndogo za chuma au shaba zinazoingia kwenye vitundu vilivyotobolewa nusu ya unene wa ukuta, na kazi yao hushika maji. Gharama yake inastahili kwa buli zuri tu.

Linatoa rangi

Maji ya mwanzo yenye wekundu hafifu ni vumbi, na yataisha ukisuuza. Baada ya kulichemsha, chukua kitambaa cheupe, kilowanishe kwa maji moto na usugue ndani na nje. Kikiendelea kutoka na rangi, buli limepakwa, na hilo ni la kuacha.

Suala la rangi lina historia yenye utata. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilionyesha jinsi udongo wa kawaida ulivyokuwa ukichanganywa na oksidi za madini ili ufanane na zisha. Zisha halisi ya mlima Huanglongshan ni haba, na uchimbaji wake ulidhibitiwa tangu miaka ya 2000, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Kuongeza kobalti ili kupata kijani kilichokolea ni mbinu ambayo wafinyanzi wa Yixing waliijua tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na oksidi iliyoungana na udongo tanuuni si sawa na rangi iliyopakwa juu. Lakini mnunuzi wa mbali hana jinsi ya kujua alichouziwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni mkali: buli la bei ndogo lenye samawati, kijani au weusi wa kung'aa, achana nalo. Lenye muhuri wa Gu Jingzhou (1915–1996), mfinyanzi mashuhuri wa Yixing, na bei ya chakula cha mchana, pia. Kazi za bingwa huyo huuzwa minadani kwa mamilioni ya yuani.

Ukiona ndani kuna ulaini wa kioo usio na mikwaruzo yoyote ya vifaa, na alama za kalibu zimefanana pande zote, huenda limemiminwa uji wa udongo kwenye kalibu. Laweza kupika chai. Lisilipiwe kama kazi ya mkono.

Utando mweupe na madoa

Mwaka wa pili au wa tatu wa matumizi huleta utando mweupe ndani na mistari myeupe chini ya mdomo. Hayo ni maji magumu. Anayetumia maji ya visima vya Dodoma anaujua utando huo kutoka kwenye birika lake. Changanya juisi ya ndimu moja na maji moto ya kulijaza buli, acha robo saa, sugua, mwaga, kisha lichemshe kwa maji matupu ili ukali wote utoke. Usiifanye kuwa desturi ya kila wiki, inaondoa na mng'ao wa chai ulioujenga. Badili maji badala yake.

Mng'ao wa viraka kwa nje unatokana na chai iliyomwagikia na kuachwa ikauke. Futa buli zima kwa kitambaa chenye unyevu likiwa moto, kila mara, na viraka vitalingana taratibu. Mng'ao wa mafuta, unaoacha alama za vidole, ni mafuta ya mikono. Maji moto na kitambaa vinauondoa.

Mwisho ni madoa meusi yanayojitokeza kwenye mabuli ya udongo wa manjano, duanni, baada ya miezi ya matumizi, yakianzia ndani na kupenya hadi nje. Ndimu haiyagusi, wala kuchemsha hakusaidii. Sababu ni joto la tanuu lililopungua: udongo haukukaza, na chai inapenya ukutani. Wafinyanzi wa Yixing wakati mwingine hulirudisha buli la namna hiyo tanuuni kwa joto la juu zaidi. Madoa huungua, rangi hubadilika kidogo, na lipo linalotoka limepinda au kifuniko kisiingie tena. Ukiwa mbali na tanuu hiyo, endelea kulipikia pu'er iliyochachushwa. Chai haina dosari, na weusi utaenea hadi ulingane.